Kabla ya kuvusha intafesi hadi Kilindoni, uliza draiva

Intafesi ya sauti ikinunuliwa Kariakoo leo, safari yake ya kufika Mafia ni ndefu kuliko maelezo ya muuzaji. Inapanda basi Mbagala Rangi Tatu, inashuka Nyamisati kwenye delta ya Rufiji, inasubiri chombo, kisha inavuka bahari mpaka gati la Kilindoni. Mwenye nafasi atapanda ndege ndogo Dar es Salaam na kutua kisiwani ndani ya saa moja. Lakini iwe kwa basi au kwa ndege, usiku ule kifaa kikichomekwa kwenye laptopu na laptopu ikakaa kimya, duka lililokiuza liko ng'ambo, na risiti yake imeshapigwa muhuri wa mali ikiuzwa hairudishwi.

Kwa kijana wa Kilindoni, Utende au Kirongwe anayetaka kugeuza chumba kimoja cha kwao kuwa studio, jambo hilo linabadilisha namna ya kununua. Mwenzake wa Sinza, Dar es Salaam, anaweza kujaribu hiki, akabadilishana na rafiki, akachukua kile. Wa Mafia ananunua mara moja. Hata hivyo maswali ya dukani huwa yaleyale kwa wote wawili: ina matundu mangapi ya maiki, ile nyekundu bei gani, mwisho kabisa utaniachia kwa ngapi. Swali la draiva huulizwa nyumbani, fedha ikiwa imeshatoka. Rai yangu ni kwamba lingetangulia mengine yote. Mnunuzi wa kisiwani achague draiva, boksi lifuate.

Draiva ni programu inayoiwezesha Windows, macOS au Linux kuelewana na kifaa kilichochomekwa. Boksi lenyewe, yaani intafesi, lina kazi ambayo siku hizi hata la bei ya chini huifanya vizuri: hupokea umeme dhaifu wa maiki, huukuza, huugeuza kuwa tarakimu. Ukisikiliza maboksi mawili ya bei tofauti kwenye hedifoni moja, huenda usiyatofautishe. Tofauti utaikuta kwenye namna tarakimu hizo zinavyoingia na kutoka kwenye kompyuta, zinachelewa kiasi gani, na kama zitaendelea kuingia miaka mitano ijayo utakapobadilisha laptopu.

Zamani aliyevuka alikuwa mwimbaji

Watu wa mwambao hawakuanza leo kuvuka bahari kwa ajili ya kurekodi. Mwaka 1928 Siti binti Saad alisafiri na wenzake kutoka Unguja hadi Bombay kuimba mbele ya mitambo ya kampuni ya HMV, na sahani zao zikarudi kwa meli kuuzwa nyumbani. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mtafiti aliyekuwa na makao Afrika Kusini, aliizunguka Tanganyika akirekodi ngoma na nyimbo vijijini, na rekodi hizo zimetolewa upya kwenye CD. Baada ya uhuru bendi ziliingia Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD). Pale wanamuziki wote walikaa chumba kimoja, wakapiga pamoja, tepu ikazunguka. Aliyekosea karibu na mwisho aliwarudisha wote mwanzo, na bila shaka alisikia maneno yake.

Nimeitaja RTD makusudi. Bendi inayopiga pamoja haihitaji kuisubiri mashine, kwa kuwa kila mmoja anamsikia mwenzake kwa masikio yake. Adha ya draiva ilizaliwa pale muziki ulipoanza kurekodiwa vipande vipande kwenye kompyuta: mdundo leo, kiitikio kesho, ubeti wa mgeni mwalikwa siku atakayopatikana. Bongo Fleva ilikulia kwenye utaratibu huo, katika vyumba vya maprodyuza akina Bonny Luv wa Mawingu, P-Funk Majani wa Bongo Records, Master Jay wa MJ Records na Miikka Mwamba, yule Mfini aliyepewa jina la Kiswahili. Singeli nayo ni mtoto wa kompyuta. Mkusanyiko wa Sounds of Sisso, uliotolewa na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Uganda mwaka 2017, ulitoka kwenye studio ya mtaani Mburahati, na ukafanya Ulaya ijadili muziki uliotengenezwa kwenye mashine za kawaida kabisa.

Sasa mwimbaji anaimba juu ya kitu kilichokwisha kurekodiwa, na sauti yake mwenyewe anaisikia ikiwa imepita ndani ya kompyuta. Hapo ndipo draiva inapojulikana kama ni nzuri au mbovu.

Sauti inayobaki nyuma

Vaa hedifoni, fungua programu ya kurekodi ya FL Studio kwenye laptopu ya kawaida ya Windows, acha draiva ya Windows kama ulivyoikuta, kisha imba neno "Mafia". Mdomo unapofika "-fia", sikio ndiyo kwanza linapokea "Ma-". Mwimbaji anapunguza mwendo ili aisubiri sauti yake, sauti nayo inazidi kubaki nyuma kwa kuwa yeye amepunguza, na ubeti ukifika katikati yuko nje ya mdundo kabisa. Nimewaona watu wakiambiwa hawana sikio la muziki kwa sababu hiyo, na hakuna aliyefikiria kuangalia ukurasa wa mipangilio ya sauti.

Chanzo ni bafa. Kompyuta haipitishi sauti sampuli kwa sampuli, yaani chembe kwa chembe. Huikusanya kwa mafungu, ndiyo bafa zenyewe, ikalishughulikia fungu zima, kisha ikalitoa. Fungu likiwa dogo sauti huwahi, lakini kichakataji hufanya kazi bila kupumua na kikizidiwa sauti hukwaruza na kukatika. Fungu likiwa kubwa kompyuta hustarehe, sauti ikachelewa. Kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, kiwango tulichokirithi kwenye CD za mwaka 1982, bafa ya sampuli 256 ni milisekunde 5.8. Bafa ya 512 ni milisekunde 11.6, na ya 1,024 ni 23.2. Hesabu hiyo ni ya njia moja tu. Sauti huingia kwa bafa na hutoka kwa bafa, na juu yake draiva, USB na vigeuzi vya kwenye boksi huongeza vya kwao.

Ili namba hizo zishikike: kwenye hewa ya joto la pwani, sauti husafiri kama sentimita 35 kwa milisekunde moja. Jumla ya milisekunde 15, ambayo intafesi nzuri kiasi huifikia kwa bafa ya 256, ni kama mpiga ngoma aliyesimama mita tano kutoka ulipo. Ngomani hakuna anayelalamikia umbali huo. Milisekunde 200, ambazo njia kongwe za sauti za Windows zinaweza kuzifikia, ni mita 70. Mpiga ngoma yuko goli moja la uwanja wa mpira, wewe unaimba ukielekea goli la pili.

Mwimbaji hubanwa zaidi ya mpiga gitaa. Sauti yake anaisikia pia kupitia mifupa ya kichwa, papo hapo, na inayotoka kwenye hedifoni ikija nyuma kwa milisekunde chache tu, hizo mbili zinagongana na sauti inakuwa ya ndani ya pipa. Ndiyo maana mtu anaweza kusema "naisikia vibaya" hali kipimo kinaonyesha kuchelewa kudogo. Na kama hedifoni zake ni za Bluetooth, usihangaike kutafuta mchawi. Nyingi huongeza zaidi ya milisekunde 100 peke yake. Studio ya nyumbani inahitaji hedifoni zenye waya, hata kama ni za bei poa.

Kwa nini Windows huchelewesha? Kwa sababu kwa kawaida huchanganya sauti zote kabla ya kuzitoa: mlio wa WhatsApp, video ya YouTube, onyo la betri, na muziki wako. Mchanganyiko huo una gharama ya muda. Mwaka 1997 kampuni ya Steinberg ya Hamburg, Ujerumani, wenye Cubase, walitoa utaratibu unaoitwa ASIO, ambao unaipa programu ya kurekodi njia yake yenyewe ya kufika kwenye kifaa bila kupita kwenye mchanganyiko huo. Watengenezaji wengine wakaufuata, na mpaka leo mtu akizungumzia draiva ya kurekodi kwenye Windows anazungumzia ASIO. Kuna wanaoshtuka kwamba wakifungua FL Studio kwa ASIO, YouTube inanyamaza. Mara nyingi kifaa hakijaharibika. Programu imekishika kifaa peke yake, na ukiifunga YouTube itarudi.

Microsoft nao hawakulala. Windows Vista ya mwaka 2007 ilileta WASAPI, ambayo ikitumiwa kwa namna ya kukishika kifaa peke yake inaweza kupunguza sana kuchelewa. Mwenye Mac ana Core Audio ndani ya mfumo na anaweza kuruka nusu ya makala hii. Mwenye laptopu iliyozeeka na subira ya kutosha aijaribu Linux: kuna ALSA, kuna JACK ya Paul Davis, ambaye pia ndiye aliyeanzisha programu ya kurekodi ya Ardour, na siku hizi kuna PipeWire inayorahisisha mambo. Ila kwa kijana anayejifunza kwa kuuliza wenzake, na wenzake wote wako kwenye Windows na FL Studio, sitamshauri ajitenge.

Maboksi mawili ya kampuni moja

Tofauti ya draiva inaonekana vizuri kwenye vifaa viwili vya Behringer vinavyopatikana sana Afrika Mashariki. UM2 ni ya bei ndogo, ina tundu moja la maiki na moja la gitaa, inarekodi kwa biti 16, na haina draiva ya ASIO iliyoandikwa kwa ajili yake. Mtumiaji wa Windows anaelekezwa kwenye ASIO4ALL, programu ya bure ya Michael Tippach. UMC202HD ina matundu mawili ya maiki, inarekodi kwa biti 24, na ina draiva ya ASIO ya kampuni yenyewe. Kwenye kabati la duka zinakaa jirani, zote nyeusi, na muuzaji asiyerekodi atakwambia tofauti ni tundu moja tu.

ASIO4ALL nisiidharau. Imewavusha wengi waliokuwa na kadi ya sauti ya ndani ya kompyuta na nia tu. Lakini ielewe ilivyo. Inajitambulisha kwa programu kama ASIO, huku chini yake ikitumia draiva ileile ya Windows kwa njia ya mkato. Kwa hiyo haina uhakika boksi lako linachelewesha kwa kiasi gani, nayo hulazimika kukadiria. Hapo pana jambo ambalo nadra kuelezwa.

Unapoimba juu ya mdundo, programu ya kurekodi inajua kwamba sauti yako imefika kwa kuchelewa. Huiuliza draiva: umechelewesha sampuli ngapi? Draiva ikijibu, programu huivuta sauti nyuma kwa kiasi hicho na kuiweka inapostahili. Draiva ikijibu uongo, kila unachorekodi kinakaa pembeni kidogo ya mdundo. Si kwa kiasi cha kushtua, ila kwa kiasi cha kuufanya wimbo uwe mzito bila sababu inayoonekana, na ukirekodi kwaya kwa tabaka nane hali inazidi. Prodyuza anaanza kusogeza vipande kwa mkono, kimoja kimoja, usiku kucha.

Kuna kipimo cha kuikamata draiva mwongo, na hakihitaji mtandao. Chukua waya mmoja wa jeki, chomeka upande mmoja kwenye tundu la kutoa sauti la intafesi na upande wa pili kwenye tundu la kuingiza. Weka mlio mkavu wa metronomu kwenye mstari wa kwanza wa programu yako, kisha urekodi mlio huo ukizunguka kwenye waya hadi mstari wa pili. Kabla ya hapo punguza sauti ibaki ndogo, na hakikisha mstari wa pili hautoi unachoingiza, la sivyo utapiga mluzi wa kuumiza masikio. Sasa vuta picha karibu mpaka mawimbi ya milio miwili yaonekane kama milima. Milima hiyo ikianza sehemu moja, draiva ni mkweli. Wa chini ukiwa umesogea kulia kwa sampuli 300, hizo ni milisekunde 6.8, na programu nyingi zina mahali pa kuandika namba hiyo ili zirekebishe zenyewe kuanzia hapo. Kipimo hiki ungekifanya dukani, mbele ya muuzaji, ukiwa na laptopu yako begani, kabla basi la Nyamisati halijaondoka.

Kama mfuko hauruhusu zaidi ya UM2 au ndugu zake, bado kuna nafuu, na nafuu yenyewe ni kitufe. Intafesi nyingi zina kitufe au kirungu cha kumsikilizisha mwimbaji sauti yake moja kwa moja kutoka kwenye boksi kabla haijaingia kwenye kompyuta. Ukikiwasha, nyamazisha sauti yako ndani ya programu ili usisikie mbili. Kuchelewa masikioni kunaisha, na bafa unaweza kuiweka 1,024 bila wasiwasi. Mtu anayerap au kuimba peke yake juu ya midundo aliyopewa anaweza kuishi hivyo miaka. Atakosa kusikia mwangwi na madoido ya sauti wakati wa kuimba, basi.

Mpiga kinanda hana njia hiyo. Anayebonyeza kinanda cha MIDI ili sauti ya kodiani au fidla ya taarabu itoke ndani ya kompyuta hana cha kusikilizishwa moja kwa moja, kwa kuwa sauti yenyewe bado haijazaliwa mpaka kompyuta iitengeneze. Huyo ndiye anayehitaji draiva ya kweli na bafa ya 128 au pungufu. Ukiwa na fedha ya kitu kimoja kizuri na muziki wako ni wa kinanda, itoe kwenye maiki uipeleke kwenye intafesi. Ukiwa mwimbaji tu, fanya kinyume.

Kuhusu yale maboksi yenye taa za rangi na vitufe vya vicheko, maarufu kwa jina la V8, yanayouzwa pamoja na maiki ya BM-800: kwa matangazo ya moja kwa moja ya simu yanafaa na yanafurahisha. Kwa kurekodi wimbo, hapana. Maiki ya kondensa iliyo kamili huhitaji volti 48 kutoka kwenye intafesi, na seti hizo mara nyingi huipa volti chache za USB, ndiyo maana sauti hutoka dhaifu na yenye mvumo. Bei yake inavutia, nakiri.

Nani ataiandika draiva kesho?

Boksi la sauti likitunzwa hudumu zaidi ya miaka kumi. Draiva hufa mapema kuliko chuma chake. Waliokuwa na vifaa vya tundu la FireWire wanajua: kampuni ziliacha kuviandikia draiva mpya, na mwaka 2025 Apple wakaiondoa FireWire kabisa kwenye macOS. Upande wa pili wapo RME wa Ujerumani, ambao waliendelea kuihudumia Fireface 800 ya mwaka 2004 kwa miaka mingi baada ya wenzao kuchoka. Bei yao si ya kuanzia maisha, ila wanaonyesha kwamba jambo linawezekana.

Windows 10 ilikoma kupata huduma ya kawaida ya Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo laptopu nyingi zilizotumika zitakuwa zikibadilishiwa mfumo au kuachwa zilivyo. Intafesi ya mitumba yenye jina kubwa inaweza kuwa nafuu kwa sababu hiyohiyo: draiva yake imeishia Windows 7. Ukishikishwa moja, chukua namba yake kamili na kizazi chake, ingia tovuti ya kampuni, tazama draiva ya mwisho ilitoka mwaka gani na kwa mfumo upi. Kama huioni, mrudishie mwenyewe na umshukuru.

Kinga nyingine ni kununua kifaa kinachofuata utaratibu wa pamoja wa sauti za USB, yaani kinachofanya kazi kikichomekwa tu bila kusakinisha chochote. Mac, iPad na Linux huvitambua vya namna hiyo, na Windows 10 ilipata draiva ya ndani ya kizazi cha pili cha utaratibu huo mwaka 2017. Kifaa chenye vyote viwili, draiva yake ya ASIO na uwezo wa kufanya kazi bila draiva, ndicho ningemshauri mtu wa Mafia. Siku kampuni ikikisahau, bado kitatoa sauti. Scarlett 2i2 ya Focusrite, ambayo kizazi chake cha nne kilitoka mwaka 2023 kwa takriban dola 200 huko Marekani, ni ya kundi hilo. MOTU M2 na Audient EVO 4 pia. UMC202HD ni ya mwenye mfuko mwembamba na haimwangushi. Matundu mawili yanatosha. Hata kundi la kaswida na madufu yake, likipangwa vizuri kwenye nusu duara, maiki mbili zitalichukua zima, kwa mtindo wa RTD.

Umeme, chumvi na mabati

Kwa miaka mingi umeme wa Mafia umetoka zaidi kwenye majenereta ya dizeli ya TANESCO, si kwenye gridi ya taifa. Umeme ukikatika katikati ya ubeti, mwenye kompyuta ya mezani hupoteza kazi, mwenye laptopu na intafesi inayokula umeme wa USB huendelea kuimba. Kuna faida ya pili. Laptopu ikiwa kwenye chaja, mara nyingi mvumo wa umeme wa hezi 50 huingia kwenye rekodi kupitia waya wa ardhi. Chomoa chaja wakati wa kurekodi, usikilize utulivu uliobaki. Ila pima tundu lako la USB: la USB 2.0 limepangiwa miliampia 500, na baadhi ya intafesi mpya zinataka 900 za USB 3.0. Laptopu ya zamani isiyofikisha hizo huifanya intafesi iwake na kuzimika, na lawama zote huangukia draiva isiyo na hatia.

Hewa ya bahari ina chumvi na unyevu, na matundu ya jeki hayapendi vyote viwili. Kifaa kikimaliza kazi kiingie kwenye kontena la plastiki lenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Paa la mabati na mvua ya masika ni jambo ambalo hakuna draiva itakayolitatua. Kwa chumba cha namna hiyo maiki ya dainamiki kama Shure SM58, inayotengenezwa tangu mwaka 1966, inashinda kondensa, kwani huchukua zaidi kilicho karibu na mdomo na kuacha kuku na bodaboda nje. Jihadhari tu: SM58 bandia ni nyingi sokoni.

Laptopu yenyewe ina mambo machache. Zima Wi-Fi unaporekodi, maana draiva ya Wi-Fi ni mmoja wa wakorofi wakubwa wa kukatisha sauti. Weka mpango wa umeme kwenye nguvu kamili, zuia Windows isizime matundu ya USB ili kubana matumizi, na usipitishe intafesi kwenye kigawanyio cha USB pamoja na kipanya na modemu. Sauti ikiendelea kukwaruza, programu ya bure ya LatencyMon itakutajia draiva inayokawiza. Na draiva ya intafesi ipakuliwe kutoka kwa mtengenezaji mwenyewe, si kwenye tovuti zinazogawa kila kitu bure pamoja na virusi. Nakili faili la usakinishaji kwenye flashi na uliweke pamoja na kifaa.

Wimbo ukishaimbwa Kilindoni, huenda ukamalizwa Dar es Salaam na mtu mwenye spika na masikio bora. Rekodi kwa biti 24. Hapo faili la WAV la sauti moja, dakika nne, kwa 44,100, ni takriban megabaiti 32. Mistari 20 ni megabaiti 635, na bando linaumia. Geuza kuwa FLAC, faili litashuka hadi kama nusu, na likifunguliwa upande wa pili linarudi vilevile, sampuli kwa sampuli. MP3 hairudi. Kwenye ujumbe andika kasi ya mdundo na kiwango ulichotumia, kwa sababu sauti ya 44,100 ikichezwa kimakosa kama 48,000 inaenda mbio kwa karibu asilimia 9 na kupanda kama nusu toni na robo toni zaidi. Prodyuza asiyekujua atadhani ndiyo sauti yako.